Aliyeliwa na Batumbula

Watu wa Kasongo walipoanza kumwita Bulaimu mwindaji, neno hilo halikumfikia yeye kwanza. Lilimfikia mkewe. Nuru alirudi sokoni na bakuli lake la vitumbua likiwa limejaa vilevile alivyoondoka nalo, akalitua mlangoni, akakaa kizingitini bila kuvua kilemba.

"Baba Feza," akasema, "leo hakuna mutu hata mumoja amenunua. Wale wanawake tunaokaa pamoja wamehamisha mikeka yao. Wanasema bwana yangu iko anawindia batumbula."

Bulaimu alikuwa nyuma ya cherehani, anatia upindo wa kanzu. Mguu ukasimama juu ya kikanyagio.

"Na wewe uliwajibu nini?"

"Ningewajibu nini? Nilikusanya vitumbua vyangu."

Hakuna mtoto wa Maniema aliyelelewa bila kutishwa na batumbula. Hao si majini wala mizimu. Ni watu wanaokamata watu wenzao njiani, wakawafungia mahali pasipojulikana, wakawanenepesha kwa ndizi na chumvi, kisha wakawanywa damu. Na ilisemekana kila mtumbula ana mwindaji wake: mtu wa hapahapa, mwenye kujua lugha na njia, anayemwendea mnyonge kwa maneno ya asali. Bulaimu mwenyewe, alipokuwa mdogo, aliwahi kukimbia kutoka shuleni mpaka nyumbani, viatu mkononi, kwa sababu alimwona mtu amebeba gunia lenye doa jekundu. Kumbe yalikuwa mawese.

Sasa alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, fundi wa nguo, anayezungumza Kiswahili, Kifaransa cha shule, Kizimba, na Kibangubangu cha upande wa mama yake. Na tangu kiangazi cha mwaka huo wa 1953 kianze, alikuwa akizunguka na mzungu mwenye kisanduku. Mtu akitafuta mwindaji, hakuwa na haja ya kwenda mbali.

Mzungu huyo aliitwa Bwana Wautelet. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Ubelgiji, mwembamba, mwenye shingo nyekundu ya kuungua jua, na mpole kuliko wazungu wengi waliopita pale. Alikuwa ameandika kitabu kinene juu ya hadithi za wafu wanaotoka kaburini kunyonya damu ya walio hai: zilivyoandikwa katika riwaya, zilivyochezwa jukwaani, zilivyotiwa katika sinema. Padri mmoja alimwandikia kwamba huku Maniema nako kuna wanyonyaji, tena si wafu, ni wazima. Akafunga safari. Kisanduku chake kilitiwa ufunguo kama saa, na ndani kilikuwa na utepe uliokamata sauti za watu. Jambo hilo halikusaidia. Watu waliona anayeweza kukuondolea sauti hashindwi na damu.

Nuru hakumkataza mumewe kazi. Alisema neno moja tu. "Ukimaliza safari ya Kabambare, umurudishe ule muzungu kwa wenzake. Miye nataka kuuza vitumbua."

"Nikimaliza Kabambare," Bulaimu akaahidi.

Njia ya Kabambare ilikuwa mbaya kiangazi kama ilivyo mbaya masika, ila tope lilikuwa limegeuka vumbi. Bwana Wautelet aliendesha kamyoneti mwenyewe, taratibu, na kwa kuwa safari ilikuwa ndefu alianza kueleza kitabu chake.

"Kwetu," alisema kwa Kifaransa, "mnyonyaji wa kwanza kabisa alikuwa maiti ya kijijini tu, amevimba, ananuka udongo. Baadaye waandishi wakamvisha koti zuri wakampa jumba. Wenye michezo ya jukwaani wakamkatia tundu sakafuni, azame ghafla mbele ya macho ya watu, na mabibi wakazirai vitini. Sinema ilipokuja ikampa uso mkubwa kama ukuta wa kanisa."

"Na wenye elimu wanasema maana yake nini?"

"Inategemea unamuuliza nani. Mmoja anasema ni hofu ya maradhi. Nyumba nzima ilikuwa ikiisha kwa kifua kikuu, mmoja baada ya mwingine, watu wakasema aliyetangulia ndiye anayewavuta wengine. Mwingine anasema ni tamaa za mwili zilizofichwa. Mwingine, ni kumwogopa mgeni. Mimi nimeandika kurasa mia nne kusema kwamba kila mmoja ana haki kidogo."

Walipovuka daraja la magogo Bulaimu akauliza.

"Bwana, huyo mwenye jumba, damu anayokunywa ni ya nani? Ya tajiri mwenzake?"

"Aa, hapana. Mara nyingi ya mjakazi. Ya wakulima walio karibu. Halafu ya binti wa watu."

"Basi kurasa mia nne zilikuwa za nini?"

Bwana Wautelet alicheka mpaka gari likakwaruza ukingo wa njia. Lakini baadaye Bulaimu alimwona anasimamisha gari, anachukua penseli na kuandika kitu.

Kabambare hakuna aliyetaka kusema. Siku tatu walikaa barazani pa nyumba ya wageni, na kila aliyeulizwa alitoa jibu lilelile. Batumbula? Wako, ndiyo, lakini kule ng'ambo, si hapa kwetu. Siku ya nne asubuhi, wakati watu wanakwenda mashambani, mwanamke mmoja alitoka njiani akaja moja kwa moja mpaka chini ya ngazi, jembe begani. Alikuwa na miaka kama arobaini, mrefu, jino moja la mbele limevunjika nusu. Hakusalimu.

"Wewe unayeuliza habari za batumbula," alimwambia Bulaimu, "niambie wewe. Walimupeleka wapi ndugu yangu?"

Bulaimu akainuka. "Karibu, mama. Sijui walikompeleka. Lakini nitakusikiliza."

"Sikai. Nitasema nikiwa nimesimama, na jembe langu nikiwa nalo."

Aliitwa Mama Ernestine, mkulima, mjane, Mkristo wa misheni. Alisema mwaka aliochukuliwa ndugu huyo yeye alikuwa na miaka kumi na miwili, na kaka yake Lukumani alikuwa na kumi na tisa. Lukumani alikwenda kijitoni kutazama migono yake ya samaki, hakurudi. Siku ya tatu wakakuta migono bado imefungwa, samaki wameoza ndani. Mtu mmoja aliona vijana wakipitishwa porini, wamefungwa kamba moja kama mbuzi.

"Batumbula walimutia nyumba isiyo na madirisha. Huko walikuwa wanawapa watu ndizi na chumvi, chumvi nyingi kila siku, wanenepe. Wanawaning'iniza kwenye chuma, waone kama wamenona. Aliyenona wanamutoboa mukono, damu inatoka. Na anayebaki muzima wanamukata ulimi asitoe habari, anakuwa muzoga unaotembea."

"Nani alikueleza haya, mama?"

"Mama yetu. Alihesabu hivyo kwa mambo ya hapa na pale aliyoyasikia. Na toka siku ile hakutia chumvi tena mudomoni mwake, mpaka amekufa. Alisema hawezi kula kitu kilichomunonesha mutoto wake."

Bwana Wautelet, aliyekuwa akifuata kwa msaada wa Bulaimu, aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akanyoosha kidole kuzima kisanduku. Mama Ernestine alikuwa bado anasema. Alikuwa anataja jina la kaka yake kwa ukamilifu, na la baba yake, na la babu yake. Kisha akageuka akaenda shambani.

Mchana huo wakakaa kupitia kazi. Bwana Wautelet alikuwa na furaha. Katika daftari lake alikuwa amepiga mistari: kunenepeshwa, kuning'inizwa, kutobolewa, kukatwa ulimi. Alisema kuning'inizwa ni ajabu kabisa, maana kwao wanyonyaji huhusishwa na popo. Bulaimu akaligeuza daftari, akatafuta juu na chini.

"Bwana, jina la yule mtu liko wapi?"

"Jina gani?"

"La aliyechukuliwa."

"Jina si sehemu ya hadithi, Bulaimu. Hadithi ni lile linalorudi kila mahali. Majina hubadilika."

"Kwa yule mama jina ndilo hadithi. Hayo mengine ni nguo tu, amelivika lisipigwe na baridi." Alishangaa kusikia sauti yake imekuwa kali. "Tusikilize tena tepe. Zote, toka Kasongo."

Walisikiliza mpaka saa kumi. Hadithi zilikuwa kumi na saba. Katika kumi na nne, msimuliaji alipofika mwisho wa mambo ya kutisha, alivuta pumzi akaanza kutaja mtu: mwana wa fulani, wa ukoo fulani, aliyekuwa akifanya kazi fulani. Na hapohapo, kila mara, utepe ulikatika. Mkono wa Bwana Wautelet ulikuwa umeshazima kisanduku. Majina mengine yalikatwa katikati, silabi moja ndani na nyingine nje.

Bwana Wautelet alivua miwani. Macho yake yalikuwa madogo na ya kuchoka. Kisha akafungua sanduku lake la nguo, akatoa daftari jipya lenye jalada la bluu, akampa Bulaimu.

"Andika la kwako," alisema. "Mimi sikujua kusikiliza."

Bulaimu aliyaandika majina yale yote kwa kukumbuka, na alipokwama aliwarudia watu akawauliza. Safari hii walimjibu. Aliuliza tu, nani aliyechukuliwa, mwaka gani, alikuwa anafanya nini. Akaona kitu ambacho hata fundi wa nguo angekiona, maana ni kama kulinganisha vipande vya kitambaa kimoja: karibu wote walikuwa vijana wa kiume, na karibu wote walipotea katika miaka mitatu au minne ileile, wakati waandikishaji wa machimbo ya kusini walipokuwa wakipita wakidai kwa machifu vijana wa kupeleka.

Bwana Wautelet alikuwa ameshapanga kwenda Nyangwe kabla ya kuondoka nchini. Bulaimu alikumbuka ahadi aliyompa Nuru, akajiambia Nyangwe si mbali, na ni ya mwisho.

Walifika asubuhi yenye jua jeupe, Lualaba limetulia. Hadithi walizozitafuta zilikuwa ng'ambo ya pili, kwa hiyo wakamwendea mvushaji. Bulaimu alimjua, kila mtu alimjua: Abedi wa kivuko, mtu wa miaka arobaini na kitu, mabega mapana, maneno machache, anayekaa safu ya nyuma msikitini na kutoka wa kwanza. Baba yake Bulaimu alikuwa akivuka naye kufuata samaki wakavu.

Katika mtumbwi, Bwana Wautelet alimwomba Bulaimu amsomee hadithi ya Mama Ernestine kwa Kiswahili, kama ilivyosemwa, wapate kuhakikisha tafsiri. Bulaimu akafungua daftari la bluu. Akasoma habari ya migono. Akasoma habari ya kamba. Kasia lilikuwa likiingia na kutoka majini bila haraka. Akasoma: "Huko walikuwa wanawapa watu ndizi na chumvi, chumvi nyingi kila siku..."

"Chumvi?" alisema Abedi nyuma yake. "Chumvi hatukupewa."

Kasia halikurudi majini. Mtumbwi ukaanza kuelea kwa mkondo, ukigeuka pole pole.

Bulaimu hakugeuka mara moja. Alihisi kwamba akigeuka haraka, mtu yule atatoweka. "Baba Abedi," akasema, "mwenye kunipa maneno haya ni mama mmoja wa Kabambare. Anaitwa Ernestine."

"Ernestine simujui."

"Labda ni jina la ubatizo. Ni mrefu. Ana jino limevunjika hapa mbele."

Abedi akajibu kwa sauti ya chini sana: "Nililivunja mimi. Kwa mwiko wa ugali. Tukamudanganya mama kwamba alianguka."

Abedi alichukua kasia, akaupeleka mtumbwi kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto, akaukwamisha. Wote watatu wakakaa juu ya mchanga. Bwana Wautelet alinyoosha mkono kwenye kisanduku chake, akamtazama Bulaimu. Bulaimu akatikisa kichwa kukataa. Mzungu akaurudisha mkono magotini, na Abedi akasema.

"Hawakutuning'iniza kutula. Ilikuwa mizani. Chuma kiko juu kwenye boriti, chini turubai. Unakaa ndani, wanakuinua, wanasoma sindano. Asiyefika uzito wanamulisha ndizi mpaka afike, ndiyo wanamupeleka kusini. Mukono walitutoboa, kweli. Dawa ya ndui. Nyumba haikuwa na madirisha, kweli." Alichota mchanga akauacha umwagike. "Tulishuka chini ya ardhi tukiwa watu arobaini wa upande wetu. Kifua kilitumaliza. Wakati ninatoroka tulibaki kumi na mumoja. Kwa hiyo mama hakusema uongo. Alikosea chumvi tu."

Bulaimu alimfasiria Bwana Wautelet neno kwa neno. Sentensi ya mwisho aliirudia mara mbili, maana mzungu hakuonekana kuamini kwamba ameisikia.

"Na kwa nini hukurudi?" Bulaimu akauliza.

"Chifu ndiye alitoa majina yetu. Ningerudi wangenifunga kamba tena, na fimbo juu yake. Nikafuata mto mpaka hapa. Watu wa hapa wakanipokea, nikasilimu, nikaacha jina la Lukumani nikaitwa Abedi, nikapata mke, watoto. Kisha mupita njia mumoja akaniambia mama amekufa, na kule mimi nimekuwa hadithi. Aliyeliwa na batumbula. Akirudi, iko muzoga usio na ulimi, watoto wanakimbia. Ningemwendea nani na mudomo huu?"

"Hakula chumvi tena mpaka kufa kwake," Bulaimu akasema. "Mama yako."

Abedi aliinamisha kichwa kati ya magoti. Akalia. Walimngoja, mto unapita pande zote mbili, mpaka aliponawa uso akasimama kusukuma mtumbwi.

Bulaimu alirudi Kabambare siku mbili baadaye akidhani anabeba habari njema. Mama Ernestine alimsikiliza mpaka mwisho, tena kwa makini, kisha akarudi hatua moja nyuma.

"Sasa nimekujua," alisema. "Hivyo ndivyo mwindaji anavyovuta watu. Anakuja na jina la mupenzi wako."

"Mama, amenitajia jino! Mwiko wa ugali! Habari hiyo ningeipata wapi?"

"Wamekula ulimi wake. Wana maneno yake yote."

Bulaimu alisimama pale uani, katikati ya kuku, na kwa mara ya kwanza akaelewa jinsi hadithi ile ilivyojengwa imara: haikuacha mlango hata mmoja ambao aliyepotea angeweza kupita akarudi. Hasira ikamjia, ikapita. Mwanamke huyu alikuwa amejilinda kwa hadithi hiyo miaka ishirini na sita, na hakuna aliyewahi kumpa kitu kingine cha kujilindia.

"Basi usiniamini," akasema. "Uniambie wewe nifanyeje ili uwe na hakika."

Mama Ernestine alifikiri. "Nitakuja. Lakini si yeye anayechagua mahali, wala si wewe. Soko la Kasongo, siku ya soko, watu wakiwa wengi. Na siji peke yangu."

Kazi ya kumleta Abedi haikuwa ndogo. Siku mbili alikataa, akisema jina lake bado liko katika vitabu vya watoro. Bwana Wautelet alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya teritware, yaani ya serikali ya wilaya, akakaa huko asubuhi nzima, akarudi anatabasamu: makaratasi ya miaka ile yalikuwa yameliwa na mchwa, na karani alimshangaa mtu anayeyatafuta. Alikuja pia na karatasi za ruhusa ya njia kwa ajili ya Mama Ernestine na wenzake, zimepigwa muhuri. Siku ya tatu Abedi akafunga mtumbwi wake, akavaa kanzu ya Ijumaa, akamwambia mkewe anakwenda kumwona dada yake. Mkewe hakujua kama ana dada.

Siku ya soko Kasongo ilijaa. Bwana Wautelet alikuwepo, mikono mitupu, kisanduku kimebaki nyumbani. Kamyoneti ilifika kutoka Kabambare wakashuka wanawake tisa, Mama Ernestine mbele, na kila mmoja ameshika mchi. Watu wakawapisha njia. Nuru aliacha vitumbua vyake akaja kusimama karibu na mumewe, si nyuma yake, ubavuni.

Abedi alisimama penye uwazi karibu na wauza chumvi na mawese. Dada mtu alikwenda mpaka hatua tano, akasimama, akamtazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Fungua mudomo," akasema.

Mtu mzima yule, baba wa watoto wanne, akafungua mdomo mbele ya soko lote. Mama Ernestine akasogea, akachungulia kama anayetazama chungu.

"Ulimi iko," aliwaambia wenzake. Kicheko kidogo kikapita watu, kikakatika. "Sema."

Abedi akajaribu Kibangubangu. Kilitoka vibaya, kimevunjikavunjika, kama cha mtoto. Miaka ishirini na sita hakikupita midomoni mwake. Alisema sentensi mbili na ya tatu ikamkwama. Machozi yakamlenga. Na kwa kukasirikia ulimi wake mwenyewe akaropoka jina la utani alilokuwa akimwita dada yake walipokuwa wadogo, jina la chura wa aina fulani mwenye macho ya kutoka nje.

Mchi ulianguka. "Yaya! Kaka yangu!" Mama Ernestine alimrukia, akaanza kumpiga kifuani kwa ngumi zote mbili. "Yaya! Mwaka gani huu? Mwaka gani! Mama amekufa nikiwa peke yangu!" Alimpiga mpaka nguvu zikamwisha, na zilipomwisha akabaki amemshikilia kanzu, na Abedi amemshika kichwa kwa viganja viwili. Wanawake wa Kabambare wakapiga vigelegele. Kisha wa Kasongo wakawaitikia, na hao waliokuwa wamehamisha mikeka hawakuwa wa mwisho.

Vitumbua vya Nuru viliisha siku hiyo kabla ya adhuhuri. Alivigawa vyote bure.

Bwana Wautelet aliondoka mwanzo wa mvua. Siku ya kuagana alimwomba Bulaimu amwambie, kwa maneno yake mwenyewe, hadithi za batumbula zina maana gani, naye akaandika polepole. Bulaimu alisema: watu walichukuliwa, na hakuna aliyekuja kueleza. Hakuna barua iliyokuja, wala maiti ya kuzikwa. Basi waliobaki wakaandika barua hiyo wenyewe, kwa vipande walivyokuwa navyo, mizani na sindano na nyumba isiyo na madirisha, na wakaisoma kwa sauti kwa watoto wao wasisahau. Wakikosea, hukosea kidogo. Bwana Wautelet aliuliza kama anaweza kuyachapisha hayo, na jina la aliyeyasema. Bulaimu akamtajia jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake, akasubiri mpaka ayaandike yote matatu.

Abedi alikwenda Kabambare akaona kaburi la mama yake. Alirudi Nyangwe, maana mto ulikuwa umeshakuwa wake, lakini tangu hapo kulikuwa na karanga na habari zilizokwenda na kurudi kati ya nyumba hizo mbili. Wapo watu wa Kabambare ambao hawakukubali kamwe. Wakimwona njiani walihamia upande wa pili, na yeye aliwasalimu kwa sauti kubwa, wapate kusikia ulimi wake.

Léontine, mmoja wa wale wanawake tisa, alikuwa wa kwanza kumfuata Bulaimu na jina. Lilikuwa la baba yake. Baada yake wakaja wengine, na daftari la bluu likajaa kabla ya Krismasi. Bulaimu aliandika barua za kuulizia majina hayo kwa misheni, kwa misikiti, kwa wavushaji wa mto wote mpaka kusini. Nuru alizipeleka posta akienda sokoni. Majibu yalikuwa machache. Hata hivyo, ulipokwisha mwaka uliofuata, watu watatu walikuwa wamepatikana wakiwa hai, na wengine tisa yakajulikana makaburi yao. Baba yake Léontine alikuwa katika hao tisa. Alilia siku mbili, kisha akaenda kanisani kumwombea misa, kwa jina lake, kama mtu mwingine yeyote.

Jumatatu moja ya kiangazi Bulaimu alifunika cherehani yake, akafunga daftari la pili nyuma ya baiskeli, akashika njia ya Kabambare. Léontine alikuwa ametuma habari kwamba wapo watu kumi na wawili wanamngoja, na kwamba mmoja wao ni mzee sana, kwa hiyo asikawie.